Walivyomfanya Mume Wangu Shemeji wa Mativo

Kifo cha mume wangu nilikisikia redioni, saa saba na robo mchana, siku ya Jumatano, mguu wangu ukiwa juu ya kanyagio la cherehani. Ilikuwa mwaka wa tisini na nne. Redio ilikuwa ya Nyongesa, muuza viatu wa kibanda kilichopakana na changu pale Gikomba. Kila mchana habari zikiisha aliipandisha sauti ili tusikie matangazo ya vifo, maana wengi wetu tulikuwa na watu mbali na hatukuwa na njia nyingine ya kujua nani ametuacha.

Mtangazaji alisoma hivi: "Tunasikitika kutangaza kifo cha Nzivo Ndete, dereva, wa Kaloleni, Nairobi, aliyefariki Jumapili baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikuwa mwana wa Mzee Ndete wa Mwala, ndugu wa Kitonga Ndete, karani, mume mpendwa wa Kavutha, na shemeji wa mwimbaji mashuhuri Mativo wa bendi ya Mwatu Boys. Mwili utaletwa Kaloleni Jumamosi saa nne asubuhi kwa ibada ya kuaga, kabla ya safari ya kwenda Mwala kwa mazishi."

Kisha akasoma majina ya watu ambao habari ziwafikie. Wa Machakos, wa Mombasa, hata mtu mmoja wa Eldoret ambaye Nzivo alikuwa hamsalimii. Nikangoja. Mtangazaji akahamia kwa maiti mwingine.

Nyongesa akaja na kiatu mkononi. "Kalekye, huyo si mzee wako?"

"Ndiye."

"Sasa Kavutha ni nani?"

Nilimalizia mshono niliokuwa nao, nikakata uzi, ndipo nikasimama.

Nzivo alinioa nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Mbuzi wa ntheo walipelekwa kwa baba yangu, mzee Muli, na aliyewaswaga kwa fimbo toka sokoni hadi nyumbani kwetu ni huyo huyo Kitonga, ndugu yake mdogo. Kwetu Ukambani mwanamke hawi mke kwa sababu amepikia mtu. Anakuwa mke siku mbuzi wa ntheo wanapochinjwa kwao, na haachiki mpaka kwao warudishe mbuzi wengine kama wale. Kitonga alikula ile nyama mpaka akalala chini ya ghala. Tukaja Kaloleni, tukakaa nyumba moja miaka ishirini na tatu, yeye akiendesha lori la unga, mimi nikishona. Mungu hakutupa mtoto. Kwa hilo nililia miaka kumi ya kwanza, halafu nikaacha.

Miaka miwili kabla ya kifo chake alihamia kwa Kavutha, mwanamke aliyekuwa akiuza supu ya mifupa Soko la Burma. Hakunifukuza wala hakuniaga. Alianza kulala huko siku moja kwa wiki, kisha tatu, kisha nikabaki na kofia yake ya kazi msumarini. Lakini kila mwisho wa mwezi aliniletea mashati yake nigeuze kola. Kola ikichakaa unaifumua, unaipindua upande mzima, unaishona tena, na shati linakuwa jipya. Kavutha hakujua kazi hiyo. Basi Nzivo alikaa kitini, akanywa chai, akavaa shati lake na kuondoka. Mimi niliona ni kiburi cha mwanamume na kitaisha. Hakunitumia habari kwamba anaumwa, na ndugu yake pia hakunitumia.

Jioni hiyo hiyo nilikwenda Burma. Nilijua kamati ya mazishi ingekuwa huko, kwa kuwa Kitonga hakuweza kupanga jambo bila nyama mbele yake. Nikawakuta: Kitonga na wanaume watatu, mbavu za mbuzi juu ya ubao, kachumbari, chumvi kando. Kavutha alikaa mwisho wa benchi akiwa na kitambaa cheusi kichwani. Nyuma yake ukutani, ndani ya fremu, kulikuwa na picha yake akiwa amesimama na Mativo, yule mwimbaji, mkono wa Mativo ukiwa begani kwake. Kila mtu aliyekunywa supu pale aliijua picha hiyo.

"Kalekye, pole," Kitonga alisema bila kuinuka. "Umesikia?"

"Nimesikia kwa redio ya jirani. Jina langu sikulisikia."

"Tangazo hulipiwa kwa maneno. Hatungeweza kuweka kila mtu."

"Na Mativo ulimwekea maneno mangapi?"

Wale watatu walicheka, mmoja akapaliwa na nyama. Kitonga alifuta mikono kwa gazeti, polepole, kidole kwa kidole.

"Sikiliza, mwanamke. Usituletee vita matangani. Kavutha ni binamu ya Mativo. Mativo akija Jumamosi, Kaloleni itajaa hadi barabarani. Watu wakubwa watakuja kwa sababu yake. Michango itakuja. Ndugu yangu atazikwa kama mtu, sio kama dereva wa unga. Wewe utaleta nani? Wewe una nani?"

"Nina miaka ishirini na tatu."

"Miaka haiimbi, dada," Kavutha alisema. Alisema kwa sauti laini, kama anayenipa pole.

Walicheka tena, na safari hii hata mtu wa benchi la jirani alicheka.

"Njoo Jumamosi kama jirani," Kitonga akamalizia. "Kaa na kina mama wa mtaa, muwapikie watu chai. Historia ya marehemu nitasoma mimi. Na kaburini, udongo wa kwanza atatupa Kavutha. Limekwisha."

Udongo wa kwanza ni wa mke. Atakayeutupa mbele ya ukoo ndiye mjane, na asiyeutupa hakuwahi kuwa chochote. Hata nyumba aliyokaa, hata mashati aliyoshona, vyote vinakuwa kama kazi ya mtu wa kuajiriwa. Nilitoka Burma nikijua ninachotaka. Nilitaka ule udongo. Na nilitaka Kitonga na Kavutha wawe wamesimama pale wanitazame nikiutupa.

Sasa niseme jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwa miaka minne. Mativo nilimjua.

Sikumjua kwa undugu, wala sikuwa na picha naye. Nilimjua kwa kiuno chake, mabega yake na mguu wake wa kushoto, ambao ni mfupi kidogo kuliko wa kulia. Yale makoti aliyoyavaa jukwaani, ambayo watu walisema hununuliwa Ulaya, yalitoka kwenye marobota ya mitumba hapo hapo Gikomba. Aliyachagua mapema soko likifunguliwa, akiwa amevaa kofia ya kushuka machoni, akaniletea nipunguze, nifumue, nitie bitana mpya. Kisha alinipa koti lingine bovu lenye lebo nzuri ya kigeni, nitoe lebo na kuishona kwenye hilo zuri. Mara ya kwanza aliniambia, "Mwaitu, hii iwe yetu wawili," na mwaitu kwetu ni mama. Nikanyamaza. Nyongesa mwenyewe alidhani ni fundi redio.

Jumatano ile niliposikia tangazo, koti lililokuwa chini ya sindano yangu lilikuwa lake.

Alikuja kulichukua Alhamisi asubuhi. Akaketi juu ya robota, akavua kofia, na alikuwa akicheka.

"Mwaitu, mimi nimefiwa," alisema. "Jana nilikuwa nakula, nikasikia redioni nimefiwa na shemeji. Mke wangu akaacha kijiko, akaniuliza, 'Huyu Nzivo ni nani?' Nikamwambia hata mimi nangoja kuambiwa."

"Nzivo ni mume wangu," nikamwambia.

Kicheko kilimkatika. Nilimweleza yote, toka mbuzi hadi Burma, nikiwa natia vifungo vya koti lake.

"Huyo Kavutha ni yule wa supu?" aliuliza. "Mwaitu, nilikunywa supu yake siku moja. Mpiga picha wa mtaani akapita, mama huyo akaniomba tusimame pamoja. Nikamshika bega, basi. Tangu ninunue gari, nusu ya Ukambani ni binamu zangu."

"Kwa hiyo si binamu yako."

"Hata jina lake ndilo nalisikia leo." Akaegemea mbele. "Nisikilize. Jumamosi nitakuja. Nitakuja na bendi nzima, nikae upande wako. Nitashika kipaza sauti niseme, huyu ndiye ninayemjua hapa. Waone."

Namshukuru mpaka leo kwa neno hilo. Na kwa kweli nililionja. Niliwaza Kitonga akikimbia kumfungulia mlango wa gari, Mativo akimpita kama mlingoti na kuja kunisalimia mimi penye sufuria za chai. Lakini nilipoendelea kuwaza niliona mwisho wake. Watu wangemtazama Mativo. Kitonga angejaza michango yake na kuvimba. Hata Kavutha angepata picha nyingine. Na mimi ningekuwa mke kwa sababu mwimbaji amesema, kama vile Kavutha alivyokuwa mke kwa sababu ya picha.

"Usije," nikamwambia.

"Mwaitu?"

"Usije kabisa. Wala usiwatumie mtu kuwaambia huji. Waache wakungoje."

"Wewe una moyo mgumu."

"Ninao. Ila nataka uniandikie maneno mawili, kwamba wewe si jamaa ya marehemu, utie sahihi."

Akaandika kwenye kipande cha karatasi ya kaki niliyokatia ruwaza. Akachukua koti lake. Hakuniuliza kama sasa siri ya makoti ingetoka, na isingetoka. Hata hapa nasema kwa kuwa ameshaacha muziki.

Mimi shule sikuvuka darasa la pili. Kwa hiyo siku hiyo nilikwenda kwa jirani yangu Everline, Mluhya aliyewahi kupiga taipu ofisini, tukaandika tangazo letu mezani kwake. Alinisomea mara tatu.

"Dada, hapa pa mbuzi, una uhakika?" aliuliza. "Redioni?"

"Hapo ndipo penyewe."

"Kitonga atakufa kabla ya mazishi."

"Basi watabeba majeneza mawili."

Everline alifunika mdomo, lakini alicheka.

Ijumaa nilipanga foleni penye dirisha la matangazo. Kijana wa dirishani alisoma, akasoma tena. "Mama, hiki ni kifo au ni kesi?"

"Ni kifo."

"Na hii ya Mativo, nitajuaje ni kweli?"

Nikampa ile karatasi ya kaki. Aliitambua sahihi, maana alikuwa na santuri iliyotiwa sahihi hiyo, na uso ukamng'aa. Akaniuliza kama anaweza kubaki nayo. Nikamwambia abaki nayo, mradi tangazo lisomwe Jumamosi mchana, baada ya habari, wala si kabla.

Jumamosi nilivaa nguo nyeusi niliyojishonea na nikaenda kukaa na kina mama wa chai, kama nilivyoambiwa. Mbele ya ukumbi wa Kaloleni palikuwa pamejaa. Walikuja wa Makongeni, wa Jericho, wa Maringo, watu ambao Nzivo hakuwahi kuwaona. Vijana walipanda juu ya ukuta, wengine juu ya paa la basi lililokodiwa kwenda Mwala. Jeneza lilikuwa juu ya meza mbili, chini ya turubai. Baba mkwe wangu, Mzee Ndete, aliyekuwa amefika asubuhi kutoka nyumbani, alikaa kando yake na mkongojo. Alinipa mkono bila kunitazama, na sikujua kwa nini.

Saa nne ikafika. Mchungaji akafungua kitabu.

"Dakika kumi, mchungaji," Kitonga akasema kwenye kipaza sauti. "Shemeji wa marehemu, ndugu yetu Mativo, yuko njiani."

Watu wakapiga makofi. Kwenye matanga! Kavutha aliinamisha kichwa kama bibi harusi.

Saa tano gari jeupe likakata kona, umati ukalikimbilia, kina mama wakapiga vigelegele. Lilikuwa gari la mkate. Dereva akafunga vioo kwa hofu. Kitonga akarudi kwenye kipaza sauti na kusema dakika kumi. Saa sita jua lilihamia upande wa turubai likampiga Nzivo moja kwa moja. Mchungaji alifuta jasho, akasema, "Bwana Kitonga, tuanze, safari ni ndefu." Kitonga akamnong'oneza jambo, mchungaji akaketi.

Mimi nilikuwa namimina chai. Nilimwona mume wangu akingojeshwa saa tatu nzima, na mwenye uwezo wa kuyamaliza kwa neno moja nilikuwa mimi. Sikusema. Sitasema uongo kwamba iliniuma sana. Aliniacha miaka miwili nikingoja. Saa tatu aliziweza.

Vijana wa ukutani walianza. "Niaje, mzee, Mativo wako anakuja kwa miguu?" Mwingine akamwita Kavutha, "Madam, pigia binamu yako simu!"

"Atakuja," Kavutha akajibu, sauti imekauka. "Ameniahidi mwenyewe."

Saa saba ikagonga. Dereva wa basi, aliyechoka kungoja kama wengine, alikuwa amewasha redio yake kusikiliza habari, milango yote ikiwa wazi. Habari zikaisha. Nikaweka birika chini.

"Tangazo la kifo cha Nzivo Ndete wa Kaloleni, Nairobi," redio ikasema. Aliyekuwa karibu na basi alisema, "Nyamazeni! Ni yeye!" na ukimya ukaenea mpaka ukutani. "Alikuwa mume wa Kalekye binti Muli, fundi wa cherehani, Gikomba, aliyeolewa kwa mbuzi wa ntheo waliopelekwa na Kitonga Ndete, na ambao hawajarudishwa mpaka leo. Mwimbaji Mativo si jamaa ya marehemu na hatahudhuria mazishi. Habari zimfikie Mzee Ndete wa Mwala, popote alipo."

Kisha kijana mmoja akasema kutoka juu ya paa la basi, "Maze, hakuna Mativo!" na umati ukavunjika. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Watu walimzomea Kitonga, wakamzomea Kavutha, wakashuka ukutani wakaenda zao. Katika robo saa walibaki wale tu waliomjua Nzivo, labda watu sitini, na uwanja ulionekana mkubwa.

Mzee Ndete aliinuka kwa mkongojo wake. Hakuhitaji kipaza sauti.

"Kitonga. Njoo hapa."

Kitonga akaja.

"Uliniambia Kalekye alirudi kwao na mbuzi wakarudishwa. Uliniambia hivyo?"

"Baba, mambo ya redio..."

"Sikuulizi redio. Wewe ndiye uliyewapeleka. Walirudishwa?"

Kitonga aliangalia chini, akaangalia jeneza, akaangalia kila mahali isipokuwa mimi.

"Waliletwa na nani?" mzee akaendelea. "Walifungwa zizi gani? Rangi zao?"

"Hawakurudishwa, baba."

"Na huyu mama mwingine, kwao ulipeleka wangapi?"

Kavutha alianza kulia, na nadhani safari hii machozi yalikuwa ya kweli. "Nzivo alisema mwaka huu," alisema. "Aliniambia mwaka huu tutakwenda."

"Hakwenda," mzee alisema. Akanigeukia. "Mke wa mwanangu, achana na hiyo birika. Njoo ukae penye mumeo."

Nikapita katikati ya viti. Nilipofika kwa Kitonga nilisimama mbele yake mpaka akanipisha.

Kitonga alitaka Kavutha abaki Nairobi, kwa aibu yake mwenyewe. Mimi ndiye niliyesema apande basi. Yeye alidhani nimemhurumia Kavutha, akaanza kunishukuru, "Asante, shemeji, una utu." Nikamwambia aache. Nilitaka awepo.

Tulifika Mwala jua likishuka. Mchungaji aliombea kwa haraka. Ndugu waliteremsha jeneza, kamba zikatolewa, na mzee akaita, "Mke wake." Nikasogea ukingoni. Ng'ambo ya kaburi Kitonga alikuwa ameshika sepetu, na Kavutha amesimama nyuma yake, kitambaa kimemteleza.

Nikachota udongo kwa mkono wa kulia, nikautupa. Ulianguka juu ya ubao kwa kishindo kidogo.

Kavutha akapiga hatua moja mbele. Alikuwa ameinama tayari, vidole vimegusa udongo. Nikamtazama. Nikainama mimi, nikachota fungu la pili, nikalitupa mbele ya macho yake, kisha nikamwambia Kitonga afukie.